Kivuko cha Likoni ni Somo la Katiba

Yapo maneno ambayo yakitajwa hapa Pwani hakuna anayebaki kimya. Neno "majimbo" ni mojawapo. Mzee wa Mtongwe alisikiapo hukumbuka ahadi za mwaka 1963. Mama mwenye duka Likoni, ambaye wazazi wake walihamia kutoka bara, hukumbuka moto wa Agosti 1997. Kijana wa Changamwe, aliyezaliwa baada ya hayo yote, humfikiria gavana, zabuni na kazi. Watu watatu, neno moja, maana tatu. Si ajabu basi kwamba mijadala yetu kuhusu serikali za kaunti huishia katika kelele, kwani wanaojadiliana hawazungumzii kitu kimoja.

Nimeona vyema niwaandikie walimu na wanafunzi, kwa sababu ni katika vipindi vya Historia na Serikali ndipo neno hili linapofundishwa, na mara nyingi hufundishwa kwa ajili ya mtihani tu: taja sifa tano za serikali ya majimbo, eleza kazi tatu za Seneti. Mwanafunzi hutaja, hupewa alama zake, kisha huvuka feri kurudi kwao Likoni pasipo kutambua kwamba chombo alichokipanda ni swali la katiba ambalo halijapata jibu.

Hoja yangu ni hii. Majimbo, ugatuzi, au jina lolote tutakaloupa mpango huu, hauulizi nani mwenyeji na nani mgeni. Huuliza kazi fulani ni ya nani, fedha za kuifanya ziko wapi, na mwananchi amshike nani kazi hiyo ikiharibika. Tulipouliza swali la kwanza tulimwaga damu. Swali la pili bado hatujaliuliza sawasawa.

Tuanze na misingi. Serikali ya shirikisho husimama juu ya mafiga matatu. La kwanza ni kwamba kila ngazi ya utawala hupata mamlaka yake katika katiba yenyewe, wala haipewi kwa hisani ya ngazi nyingine. Mkuu wa mkoa wa zamani aliteuliwa na Rais na angeweza kuondolewa na Rais kabla jua halijatua. Gavana hupewa kazi na wapigakura. Figa la pili ni mfuko, kwa maana mwenye madaraka asiye na fedha ni sawa na nahodha asiye na tanga. La tatu ni kwamba hakuna upande unaoweza kubadilisha masharti peke yake, na pakizuka ugomvi yupo mwamuzi ambaye si mmoja wa wagomvi.

Wamarekani waliokutana Philadelphia mwaka 1787 waliligundua figa hili la tatu kwa taabu. Majimbo madogo yaliogopa kumezwa na makubwa, na suluhu ikawa Seneti ambamo kila jimbo, liwe na watu wengi au wachache, lina wajumbe wawili. Hapa jirani, Tanganyika na Zanzibar zilipoungana Aprili 1964 ziliandika orodha ya mambo 11 ya Muungano. Leo orodha hiyo ina mambo 22, na ubishi kuhusu namna ilivyorefuka haujakwisha hadi sasa. Uganda nayo ilipata uhuru mwaka 1962 ikiwa na katiba iliyoipa Buganda hadhi ya shirikisho. Mwaka 1966 majeshi ya Milton Obote yalilishambulia kasri la Kabaka pale Mengo, Kabaka akakimbilia Uingereza, na katiba ya mwaka 1967 ikazifuta falme. Tanzania yatufunza umuhimu wa orodha, na Uganda yatufunza umuhimu wa kufuli.

Kenya yetu ilikwisha kuwa na vyote viwili, ikavipoteza. Katika mikutano ya Lancaster House jijini London, chama cha KADU kikiongozwa na Ronald Ngala, mwana wa Pwani hii, pamoja na akina Masinde Muliro na Daniel arap Moi, kilihofia kwamba jamii ndogo zingemezwa chini ya serikali moja yenye nguvu zote Nairobi. Kikadai majimbo, na kikapewa. Katiba ya Uhuru iliigawa nchi katika majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi, kila jimbo likiwa na bunge lake, na juu yake ikawekwa Seneti yenye wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi.

Wakati huohuo palikuwa na suala la Mwambao, yaani ule ukanda wa maili kumi ambao tangu mwaka 1895 ulitawaliwa na Waingereza kwa makubaliano na Sultani wa Zanzibar. Sir James Robertson, aliyetumwa kulichunguza jambo hilo mwaka 1961, alipendekeza ukanda uungane na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, wakawekeana saini, nayo Kenya ikaahidi kuzilinda mahakama za kadhi na hati za ardhi zilizokuwapo. Mpwani aliingia katika uhuru akiwa na ahadi mbili mkononi: jimbo lake na makubaliano yake.

Ahadi ya jimbo haikumaliza hata miaka miwili. Sababu yake yafaa ifundishwe kwa makini, kwa kuwa wengi hudhani katiba ile ilikuwa dhaifu kwa maandishi. La hasha! Ilikuwa na kufuli zito. Kuyagusa majimbo kulihitaji robo tatu ya wabunge na asilimia 90 ya Seneti. Lakini majimbo yalitegemea fedha na watumishi kutoka serikali kuu, ambayo ilikuwa mikononi mwa KANU, chama kisichoutaka mpango huo hata kidogo. Madaraka yalicheleweshwa, fedha zikabanwa, na waliokuwa na njaa ya vyeo wakaanza kuvuka upande. Novemba 10, 1964, KADU ilijivunja na kujiunga na KANU. Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa Jamhuri na majimbo yakabaki jina. Seneti ilifutwa mwaka 1966, na mwaka 1968 yakafutwa mabaraza ya mikoa yaliyokuwa masalio ya mwisho. Kufuli lilikuwa la chuma, lakini funguo zilikuwa mifukoni mwa wanasiasa wachache, nao waliposhawishika hapakuwa na mwananchi aliyeulizwa.

Neno majimbo lilipofufuka katika miaka ya tisini, lilifufuka likiwa na sura nyingine. Wanasiasa walilitumia majukwaani, tangu ile mikutano ya Bonde la Ufa ya Septemba 1991, kama jina la kuwafukuza majirani. Hakuna aliyezungumzia mgawanyo wa kodi wala orodha ya kazi. Sisi wa Likoni na ng'ambo zake tuliyaona matokeo yake. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua polisi na kuiba silaha. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakayahama makao yao, wengi wakikimbilia kanisani. Vikaratasi viliwaagiza watu wa bara waondoke. Tume ya Jaji Akiwumi ikaja ikasikiliza, na ripoti yake ikawekwa hadharani mwaka 2002.

Siandiki haya ili kutonesha kidonda. Nayaandika kwa sababu waliochinjwa walichinjwa kwa jina la neno ambalo maana yake halisi haihusiani kabisa na kumfukuza mtu. Malalamiko ya Pwani yalikuwa ya kweli na bado ni ya kweli: ardhi iliyochukuliwa, vijana wasio na ajira huku bandari ikivuma mbele ya macho yao, shule zilizoachwa nyuma. Kutokana na malalamiko hayohayo ndipo baadaye Baraza la Mombasa Republican likaja na kauli yake kwamba Pwani si Kenya. Lakini kujitenga ni jambo moja na shirikisho ni jingine. Anayejitenga huvunja nyumba. Anayeshirikiana hugawa vyumba na kuandikiana nani atafagia ukumbi.

Katiba tuliyoipitisha katika kura ya maamuzi Agosti 4, 2010 haikulitumia neno majimbo, na haiiti Kenya shirikisho. Kifungu cha 6 chasema serikali za ngazi mbili, ya kitaifa na za kaunti, zi tofauti na zinategemeana, na zitaendesha shughuli zake kwa kushauriana na kushirikiana. Polisi ni mmoja, mahakama ni moja. Hata hivyo ukiyapima yale mafiga matatu utayakuta. Mamlaka yatoka katika katiba: Jedwali la Nne lina orodha ya kazi za kila upande. Mfuko upo: kaunti zote 47 kwa pamoja hazipaswi kupata chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Mgao uliokuwa shilingi bilioni 190 mwaka wa fedha wa 2013/14 ulifika bilioni 415 mwaka wa 2025/26. Kufuli nalo lipo, na safari hii funguo amepewa mwananchi. Kifungu cha 255 kinasema malengo, misingi na muundo wa serikali za ugatuzi haviwezi kubadilishwa ila kwa kura ya maamuzi. Kilichofanyika mwaka 1964 kwa chama kimoja kuhama hakiwezi kurudiwa kwa njia ileile.

Jambo jingine ambalo kila mwanafunzi wa Likoni anapaswa kulijua kwa moyo ni Kifungu cha 39: kila raia ana haki ya kuingia, kuishi na kukaa popote nchini Kenya. Aidha, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zitengewe watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Mpaka wa kaunti haukuwekwa uwe uzio. Umewekwa kuonyesha jukumu la nani linaishia wapi.

Basi na tulichukue hilo jukumu tukalipime kivukoni.

Jedwali la Nne, katika sehemu ya kazi za kaunti chini ya uchukuzi, linataja vivuko na bandari, isipokuwa usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Maneno ni wazi. Lakini feri za Likoni ziliendelea kuendeshwa na shirika la serikali ya kitaifa, na kazi za shirika hilo zilipohamishwa, zilipelekwa kwa Halmashauri ya Bandari ya Kenya, nayo pia ni ya taifa. Kaunti ya Mombasa, ambayo katiba inaitaja kwa kazi hii, hubaki ikitazama kutoka ufuoni.

Nakiri kwamba upo upande wa pili wenye hoja. Kivuko hiki ni kiungo cha barabara kuu iendayo Lunga Lunga hadi Tanzania, na barabara kuu ni kazi ya taifa. Kununua na kutengeneza feri ni gharama kubwa, na waendao kwa miguu huvuka bila malipo. Huenda kaunti peke yake isiumudu mzigo huo. Lakini katiba haikutuacha gizani. Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali moja kuikabidhi nyingine kazi yake kwa makubaliano, kama Nairobi ilivyofanya Februari 2020. Kisha kinaongeza neno zito: hata baada ya makabidhiano, wajibu wa kikatiba unabaki kwa serikali iliyotajwa katika Jedwali. Kwa hiyo kama feri ni ya taifa, na tuonyeshwe hoja ya kisheria inayoiondoa katika orodha ya kaunti. Kama ni ya kaunti lakini imeazimwa, na tuonyeshwe mkataba. Na kama pande hizo mbili haziafikiani, Mahakama ya Upeo ina uwezo wa kutoa ushauri juu ya jambo lolote la serikali za kaunti.

Kwa nini nashikilia jambo hili? Kwa sababu watu wamekufa katika maji yale. Aprili 29, 1994, feri ya MV Mtongwe ilizama na watu 272 wakapoteza maisha. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka MV Harambee likazama na mama na mwanawe ndani yake, na ilichukua karibu wiki mbili kuwapata. Mwaka 1994 kila kitu kilikuwa cha Nairobi, hivyo lawama ilijua pa kwenda. Mwaka 2019 tulikuwa na ngazi mbili za serikali, katiba yenye miaka tisa, na mwananchi bado hakujua diwani wake, seneta wake na waziri wa Nairobi wanagawana vipi jukumu la usalama wake majini. Kazi isiyo na mwenyewe hufa kama mtoto asiye na mlezi.

Changamwe inatupa upande mwingine wa somo. Gati za Kipevu, uwanja wa ndege wa Moi na matangi ya mafuta viko hapo. Bandari yenyewe huhudumia Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo mashariki, na sioni ubaya ikiwa mali ya taifa zima. Lakini Agosti 2019 serikali ilipoamuru shehena za kwenda bara zisafirishwe kwa reli mpya, waliopigwa ni madereva, makuli, wenye maghala na mama ntilie wa Changamwe na Miritini. Watu waliandamana, Mahakama Kuu ya Mombasa ikaitengua amri hiyo Novemba 2020, na Septemba 2022 Rais William Ruto akatangaza shughuli zirudishwe Mombasa. Pale ndipo neno "kushauriana" la Kifungu cha 6 lilipokosekana. Kazi inaweza kuwa ya taifa na bado maumivu yake yakawa ya kaunti.

Na maji ya bomba je? Mombasa hainywi maji yake. Hunywa ya Mzima kutoka Taita Taveta, ya Baricho kutoka Kilifi, ya Marere na Tiwi kutoka Kwale. Mabomba makuu yako chini ya wakala wa kitaifa, na usambazaji ni wa kampuni ya kaunti. Anayedhani kaunti yaweza kujifungia milango na kusema "hapa ni petu" na afungue mfereji wake, kisha ajiulize maji yale yamepita kwa nani.

Wapo watakaonijibu kwa methali: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali ni ya kweli, lakini na waende Kilindini wakaangalie. Meli kubwa ikikaribia mlango wa bandari hupanda rubani wa hapa, anayezijua kina na mikondo, naye huiongoza hadi gatini. Nahodha habaki bila cheo, na rubani haidai meli. Kila mmoja anajua mamlaka yake yanaanzia na kuishia wapi, na ndiyo maana meli haiendi mrama. Ugomvi huingia pale tu mipaka isipojulikana.

Hata hivyo sitaki kuitupia Nairobi lawama zote. Kifungu cha 176 kinaitaka kila kaunti nayo igatue kazi na huduma zake kadiri inavyowezekana. Mombasa ina kaunti ndogo sita. Ni Mvita tu iliyo kisiwani. Likoni, Kisauni, Nyali, Changamwe na Jomvu ziko bara. Lakini ofisi ya gavana, bunge la kaunti na hospitali kuu viko kisiwani. Taka za mji hupelekwa Mwakirunge, huko Kisauni, ila maamuzi juu ya taka hizo hufanyiwa ng'ambo ya maji. Mkazi wa Shika Adabu anayelazimika kuvuka feri kufuata karatasi ana haki ya kuuliza kama ugatuzi umefika kwake, au umetoka Nairobi ukaishia Treasury Square. Tusiivunje Nairobi kubwa ili tujenge Nairobi ndogo kisiwani.

Walimu wenzangu, kwani najihesabu miongoni mwenu kwa mapenzi ya somo hili, nawaomba jambo moja. Mpeni mwanafunzi Jedwali la Nne, mwambieni atembee kutoka shuleni hadi nyumbani, na kila atakachokiona akiandike: shule yenyewe, chekechea iliyo kando yake, taa ya barabarani, zahanati, mtaro, kituo cha polisi, feri. Mbele ya kila kimoja aandike ni kazi ya nani. Atakuta shule ya msingi ni ya taifa na chekechea ni ya kaunti. Atakuta polisi si wa gavana. Akifika kwenye feri kalamu itasita. Hapo mwambieni asifute. Aandike swali, na swali hilo lipelekwe kwa diwani, kwa seneta, na ikibidi mahakamani.

Ngala na wenzake walipata majimbo kwa kujadiliana na wakoloni, wakayapoteza kwa sababu wananchi hawakuyajua kiasi cha kuyatetea. Sisi kufuli tumepewa, na funguo zi mikononi mwetu. Lakini mwenye funguo asiyejua kilichomo sandukuni ataibiwa huku akiliketia sanduku lenyewe.